Betri ya Mwaka 2004

Juzi nilipanda matatu Nanyuki kuelekea Nairobi, nikaketi kando ya mzee wa rika la baba yangu, kofia ameipakata magotini. Redio ya dereva ilikuwa ikimkumbuka Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi aliyekufa katika ajali ya helikopta. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Ajali haina kinga."

Nilimjibu kwa ukali ulionishtua hata mimi. "Hapana, mzee wangu. Ina kinga. Na tukizidi kusema haina, tutazidi kuzika."

Alinyamaza hadi Naro Moru. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Kijana wangu yuko jeshini, huu mwaka wa sita. Husafirishwa na helikopta hizo hizo. Wewe unataka nilale nikiamini nini?"

Nilimwomba radhi kwa sauti niliyotumia. Maneno yenyewe sikuyafuta. Tulizungumza njia nzima, na haya ninayoandika mengi niliyasema kwake kwanza.

Nilianza na Malawi. Tarehe 10 Juni 2024 ndege ya jeshi la nchi hiyo, Dornier 228, iliondoka Lilongwe kwenda Mzuzu ikiwa na Makamu wa Rais Saulos Chilima na wenzake wanane. Walikuwa wanakwenda mazishini. Mzuzu palikuwa na mawingu mazito, hawakuweza kutua, wakaambiwa warudi. Hawakurudi. Watu waliingia msitu wa Chikangawa kuwatafuta, na mabaki yalipatikana siku iliyofuata. Hakuna aliyenusurika.

Ndege hubeba kifaa kidogo ambacho ikianguka hutoa ishara, ili waokoaji wajue pa kwenda. Ndege ile ilikuwa nacho. Wachunguzi wa Ujerumani, walioshirikishwa kwa kuwa ilitengenezwa kwao, waliandika katika ripoti yao ya awali kwamba kifaa hakikufanya kazi, na kwamba betri yake ilikuwa imepitwa na muda tangu mwaka 2004.

Tangu 2004. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na miaka 20 ndege ilipoanguka, mtu mzima mwenye kura. Miaka yote hiyo ndege ilikuwa inafunguliwa, inakaguliwa, inafungwa, inaruka. Kila aliyepita karibu na kifaa kile ama hakuitazama tarehe, ama aliitazama akaendelea na yake. Sisemi betri ingeizuia ndege isianguke. Ninachosema ni kwamba betri ni kitu cha kushika mkononi, kimeandikwa tarehe juu yake, na mtu yeyote anayejua kusoma angejua imekwisha. Ikiwa hicho kilipita miaka 20, je, vile visivyoandikwa tarehe? Je, ufa mwembamba kama unywele ndani ya pangaboi? Je, bomba la mafuta linaloanza kulegea? Tangu nisome habari ile sijaweza kuiweka chini.

Na bado nawapa Malawi heshima yao. Habari ya betri tunayo kwa sababu waliruhusu mgeni aingie ndani ya ndege ya jeshi, atazame, aandike, na aliyoyaandika yasomwe.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa ndege jeshini miaka ya themanini. Katika sanduku lake la vifaa kila spana ilikuwa na shimo lake lililochongwa kwa umbo lake, na kila bisibisi hivyo hivyo. Ukifungua kifuniko unaona mara moja kipi hakipo. Walihesabu kabla ya kazi, wakahesabu baada ya kazi, na hesabu isipotimia ndege hairuki, hata kama mkubwa amesimama pale anatazama saa. Asubuhi walijipanga mstari, bega kwa bega, wakaitembea barabara ya kurukia wakiokota kokoto na misumari, kwa maana kokoto moja ikivutwa ndani ya injini ya ndege inatosha kuivunja.

Usiku mmoja kulipotea kichwa kidogo cha bisibisi. Watu wanane walikitafuta kwa tochi hadi saa nane usiku, wakakikuta kimenasa kwenye pindo la ovaroli la mwenzao. Mjomba anapenda kusimulia kwamba kesho yake hakuna aliyemfokea yule mwenzao, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyeinua mkono akasema, "Changu hakitimii." Angeogopa adhabu angenyamaza, na kile kichwa cha bisibisi, popote kilipo, kingeruka na ndege asubuhi.

Alipostaafu, mjomba aliajiriwa na kampuni moja ndogo ya ndege, jina nalihifadhi. Siku moja aliletewa karatasi atie sahihi kwamba ukaguzi umefanyika. Akauliza umefanyika lini, na nani. Akaambiwa asiwe mgumu. Aliacha kazi wiki ile ile akarudi kijijini kufuga. Mkewe alikaa naye vibaya miezi mingi, maana karo ya watoto ilikuwa inadaiwa. Leo akiulizwa kama alijuta, anasema angejuta zaidi kama angekuwa akisikia jina la ndege ile redioni na kushtuka kila mara.

Sasa tuje kwetu, kwa maana mlima wenyewe ulikuwa upande wetu wa kushoto tukizungumza. Agosti 2012 helikopta nne za jeshi la Uganda zilivuka hapa zikienda Somalia. Moja ilifika Garissa. Tatu, zote Mi-24, zilianguka juu ya Mlima Kenya. Miaka sita kabla ya hapo, tarehe 10 Aprili 2006, ndege yetu ya jeshi aina ya Y-12 ilianguka Marsabit, ikaua watu 14, akiwamo Bonaya Godana na wabunge wenzake. Walikuwa wanakwenda kupatanisha jamii zilizokuwa zinauana. Juni 2021 helikopta ya Mi-171 ilianguka Ole Tepesi, Kajiado, ikiwa na askari waliokuwa mazoezini. Kisha Alhamisi ya tarehe 18 Aprili 2024, huko Sindar, Elgeyo Marakwet, helikopta aina ya Huey ilianguka muda mfupi baada ya kupaa. Kati ya watu 12 waliokuwamo, 10 walikufa, na mmoja wao ni Mkuu wa Majeshi mwenyewe.

Jenerali Ogolla alikuwa rubani wa ndege za kivita. Alikuwa kamanda wa Jeshi la Wanahewa. Na katika mambo aliyosomea katika utumishi wake lilikuwamo hili: kuchunguza ajali za ndege. Huyu angeweza kusimama pale Sindar, akatazama chuma kilivyopinda, akauliza maswali yanayostahili. Tulimzika Siaya bila jeneza, ndani ya saa 72, kama alivyoagiza, na taifa zima likasifu unyenyekevu wake. Mimi naona heshima iliyobaki anayotudai ni kuuliza maswali ambayo yeye angeuliza.

Mwaka 2025 tukasikia kwamba injini ilipoteza nguvu. Naliamini hilo. Lakini fundi yeyote atakwambia kwamba maneno hayo ndiyo mwanzo wa uchunguzi. Injini ilipoteza nguvu kwa nini? Kilichoharibika kilikaguliwa mara ya mwisho lini? Vipuri vilitoka wapi? Zile nyingine za aina hiyo hiyo, ambazo kijana wa yule mzee hupanda, zimefunguliwa zikatazamwa mahali hapo hapo? Raia akijibiwa maswali hayo manne, adui hafaidiki kitu.

Tofauti kati ya ndege ya jeshi na ndege ya abiria iliwekwa tangu zamani. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndege za abiria zote duniani zinaishi chini yake, unasema katika ibara ya 3 kwamba hauhusu ndege za serikali, yaani za jeshi, polisi na forodha. Ndege ya abiria ikianguka, kuna utaratibu: ripoti ya awali ndani ya siku 30, kisha ripoti kamili, ili kosa la Bukoba lisomwe Lodwar na Lusaka. Majirani zetu Watanzania walipopoteza watu 19 ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Viktoria, hapo Bukoba, Novemba 2022, utaratibu huo ulikuwapo wa kuwashika mkono. Askari wetu hana mkataba wowote wa kumtetea. Anayo hiari ya wakubwa wake tu, wakitaka kusema wanasema. Kwa nini mtu aliyeapa kufa kwa ajili yangu awe na ulinzi mdogo angani kuliko mimi ninayekwenda Mombasa likizo?

Najua nitajibiwa nini: siri za jeshi. Nakubali, shingo upande, kwamba zipo. Njia iliyopitiwa, mitambo ya mawasiliano, walikuwa wanamfuata nani, hayo yafutwe kwa wino mweusi. Nakubali pia kwamba shahidi akijua maneno yake yatamfunga, hatasema kweli. Kisa cha ovaroli alichosimulia mjomba kinanifunza hivyo hivyo. Marekani walilitatua kwa kufanya chunguzi mbili. Moja ni ya usalama tu, na wanaohojiwa wanaahidiwa kwamba maneno yao hayatatumiwa kuwaadhibu. Nyingine ni ya kisheria, na hiyo hutolewa kwa familia na umma. Desemba 2020 tume iliyoundwa na Bunge lao ilihesabu ajali za ndege za jeshi nje ya vita kati ya 2013 na 2018: watu 198 walikufa na ndege 157 ziliangamia. Hesabu hiyo ilichapishwa, kila mtu akaisoma, na jeshi lao bado ni jeshi.

Lakini mfano ninaourudia kila mara ni wa Nimrod. Tarehe 2 Septemba 2006 ndege hiyo ya Uingereza ilishika moto angani karibu na Kandahar, muda mfupi baada ya kuongezewa mafuta hewani. Wote 14 waliokuwamo walikufa. Ilikuwa Afghanistan, vita vinaendelea, na ingekuwa rahisi sana kuwaambia wajane kwamba vita ni vita. Badala yake aliteuliwa wakili, Charles Haddon-Cave, akaambiwa afukue. Ripoti yake ya Oktoba 2009 ilieleza jinsi mafuta yaliyovuja yalivyofikia bomba lenye joto kali, na kwamba hatari hiyo ilikuwa imekaa ndani ya ndege miaka mingi. Tena ilikuwa imeshafanywa kazi maalumu ya kuandika uthibitisho wa usalama wa Nimrod, kazi ambayo ingeigundua. Walioifanya waliikabili wakiwa wameshaamini kwamba ndege ni salama, kwa sababu ilikuwa imeruka miaka 30. Wakajaza karatasi. Haddon-Cave aliwataja, watu na kampuni, kwa majina yao, katika ripoti ambayo hata mimi nimeisoma nikiwa Nanyuki. Mwaka uliofuata Uingereza ilianzisha mamlaka ya kusimamia usalama wa ndege za jeshi.

Imeruka miaka 30, kwa hiyo ni salama. Imekaguliwa kila mwaka, kwa hiyo betri ni nzima. Ni fikra ile ile, na inaua katika nchi tajiri kama inavyoua kwetu.

Waingereza nao wana aibu yao. Helikopta ya jeshi aina ya Chinook ilipogonga kilima huko Mull of Kintyre, Uskoti, tarehe 2 Juni 1994 na kuua watu 29, wakubwa wa jeshi la anga waliwatwika marubani wawili lawama ya uzembe mkubwa. Wafu hawajitetei. Familia zao zilipigana hadi 2011 ndipo majina yakasafishwa. Kwa hiyo nikisema ripoti ziwe wazi, simaanishi tutafute rubani wa kumsulubu.

Kuhusu ukuukuu wa ndege zenyewe: Huey ya kwanza iliruka 1956, na wengi wanataka zote zitupwe. Mimi sina hakika. B-52, ndege ya mabomu ya Marekani, ya mwisho ilitengenezwa 1962 na bado inaruka kwa sababu inatunzwa. Fedha ni suala, ndiyo. Na rubani awe na haki ya kumwambia mheshimiwa yeyote kwamba leo haturuki, bila kuhamishwa kituo wiki inayofuata.

Kwetu Bunge lina Kamati ya Ulinzi. Ninachowaomba kinaingia katika ukurasa mmoja: ajali ya ndege ya jeshi ichunguzwe na watu wasio chini ya amri ya aliyeimiliki ndege hiyo, familia zisomewe ripoti kabla ya gazeti, na umma uambiwe chanzo na kilichobadilishwa, tarehe ikiwekwa. Sisi tumezoea kufunika kombe mwanaharamu apite. Amepita Marsabit, akapita Ole Tepesi, akapita Sindar.

Mzee alishuka Karatina. Alisimama mlangoni, konda akimharakisha, akaniuliza kile kifaa cha Malawi betri yake ni pesa ngapi. Nilimwambia sijui. Akavaa kofia yake, akasema kijana wake hupiga simu Jumapili, na Jumapili hii atamuuliza kama huko kwao wanahesabu spana.