Piriton ya Nyumbani na Paka Anayejikuna

Paka akianza kujikuna, hakosekani mtu ndani ya nyumba wa kukumbuka vile vidonge vya njano vilivyobaki kwenye droo. Si vinatuondolea muwasho sisi? Hoja hiyo si ya kubeza. Madaktari wa mifugo wenyewe huwapa paka klofeniramini, dawa iliyomo kwenye Piriton, na setirizini pia. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kila dawa ya mzio ya binadamu ni sumu kwa paka. Ninachopinga ni kukata kidonge kwa kisu cha jikoni halafu kukisia. Paka wengi wana kilo tatu hadi tano tu, na daktari hupima uzito wake, huuliza kuhusu moyo, figo na ini, ndipo anataja dozi.

Tena Piriton ni chungu. Paka akiionja hutoa povu mdomoni, nyumba nzima mnadhani amepewa sumu.

Lakini kinachonitisha hasa ni zile dawa za mafua za paketi. Nyingi zina dawa ya mzio ileile, ila imechanganywa na parasetamoli. Ukifika dukani ukasema tu "nipe ya aleji na mafua", unaweza kuondoka na mchanganyiko huo bila kujua. Ini la paka haliwezi kuisafisha parasetamoli kama letu. Inageuka sumu, na damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inaweza kumuua. Fizi zinakuwa za kahawia au buluu, uso na miguu vinavimba, anahema kwa shida. Dawa ya kumwokoa ipo, asetilisisteini, lakini ni ya kuwahiwa. Dawa nyingine za mafua zina pseudoefedrini ya kuzibua pua, ambayo kwa paka hupandisha presha na kuupeleka moyo mbio.

Halafu tujiulize, anawashwa na nini? Mara nyingi ni viroboto. Panua manyoya mgongoni, karibu na mkia. Ukiona punje nyeusi, ziweke kwenye tishu nyeupe iliyolowa. Zikiacha doa jekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako. Piriton haiui kiroboto hata mmoja! Hata pale mzio unapokuwa wa kweli, dawa za aina hii huwasaidia paka kidogo kuliko zinavyotusaidia sisi, na wengine haziwagusi kabisa. Kwa maoni yangu, hela ya Piriton ni afadhali iende kwenye dawa ya viroboto. Ila iwe ya paka: baadhi ya zile za mbwa zina pemethrini, ambayo humtetemesha paka hadi degedege.

Najua daktari wa mifugo si wa kila mtaa, na wengine humwona ni wa ng'ombe na kuku tu. Mpigie hata simu, umsomee kilichoandikwa kwenye paketi, hasa yale maandishi madogo ya viambato. Na kama kidonge kimeshamezwa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa ukingoja uone. Mbebe paka na paketi yake, na umweleze daktari alimeza kiasi gani na saa ngapi.