Huku wanawataja kwa majina

Juzi nilikwenda kutazama mchezo katika ukumbi mdogo ulio juu ya baa, hapa London. Hata hatujakaa vizuri, mwigizaji akamtaja waziri wa serikali iliyo madarakani, jina la kwanza na la ukoo, kisha akaanza kumwigiza: sauti, mwendo, na ile tabia yake ya kumeza mate kabla ya kujibu swali. Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nikageuka kutazama mlangoni. Yeyote aliyekulia Kenya enzi za Nyayo, utawala wa Rais Moi, anajua ni kachero gani nilikuwa namtafuta pale nyuma.

Wakati wa mapumziko, mzee aliyeketi kando yangu akaniuliza kwa upole kama kwetu sisi tuna michezo ya kejeli. Kama tuna! Nilimeza hasira, nikaanza kumweleza, na kengele ikalia kabla sijafika popote. Basi nayamalizia hapa.

Najua kuna ambaye tayari anasema, "Haya, ameanza. Ameonja Ulaya, sasa kwao kunanuka." Subiri kwanza, ndugu yangu. Sisemi kwamba Waingereza walizaliwa wakijua kuvumilia kuchekwa. Mwaka 1737 serikali ya waziri mkuu Robert Walpole ilichoshwa na michezo ya Henry Fielding iliyokuwa ikiwadhihaki wakubwa, ikapitisha sheria kwamba kila mchezo usomwe kwanza na ofisi ya Lord Chamberlain, afisa wa kasri la mfalme, na asipoupenda hauigizwi. Fielding akaliacha jukwaa, akageukia uanasheria na riwaya. Uchujaji huo ulidumu hadi 1968. Kenya ilikuwa tayari na miaka mitano ya uhuru! Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kumcheka mkubwa ni desturi ya Mzungu na kunyamaza ndiyo heshima ya Mwafrika. Huku pia walinyamazishwa, wakachoka, wakabishana miaka na miaka mpaka sheria ikaondolewa.

Tena kwa ufundi, sisi hatuna wa kutucheka. Shaaban Robert aliandika Kusadikika mwaka 1951, Mwingereza akiwa bado anatawala Tanganyika, akaiweka nchi yake angani ili asiulizwe ni nchi gani. Huko wajumbe wanatumwa pande zote za dunia kutafuta mema, na wakirudi na habari njema wanafungwa. Francis Imbuga akaunda Kafira, nchi ya kubuni katika mchezo wake Betrayal in the City. Pauline Kea, katika tamthilia yake Kigogo, akatupa mji wa Sagamoyo na kiongozi wake Majoka, na kitabu kikasomwa na watoto wa sekondari nchi nzima, wala hakuna mtoto aliyehitaji ramani. Mwenye macho haambiwi tazama.

Nikae kidogo kwa Imbuga, kwa sababu ndiye niliyetaka yule mzee amjue. Katika Betrayal in the City kuna Mulili. Kiingereza chake kimevunjika vipande vipande, na kila akifungua kinywa hadhira inacheka. Unacheka kwa raha kabisa, mtu hajui kupanga maneno! Kisha unakumbushwa kwamba huyu ni binamu wa Boss, mtawala wa Kafira, na kwamba Kabito, aliyegombana naye kuhusu tenda ya maziwa, sasa ni marehemu. Kile kicheko hakirudi tena kama kilivyokuwa. Kila Mulili anapokosea neno, unacheka huku ukijua kwamba kosa hilo haliwezi kusahihishwa na mtu yeyote pale Kafira. Na bunduki inapomwelekea Boss, anayeharakisha kuorodhesha maovu yake ni Mulili, yule yule aliyekula mezani pake. Imbuga hakusimama kuhubiri kuhusu undugu serikalini. Alitufanya tumcheke mtu, kisha akatuonyesha tulikuwa tunacheka nini. Na haya aliyaandika Kenya, katikati ya miaka ya sabini, na mchezo ukaiwakilisha nchi katika FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika, kule Lagos mwaka 1977. Nasema haya kwa fahari.

Pale London kila kitu kilisemwa jukwaani. Tulichoachiwa sisi watazamaji ni kucheka tu. Kwetu mtunzi anasema nusu, na nusu nyingine inatoka kwenye viti. Niliigiza tamasha za shule, naijua ile sekunde: mhusika anasema jambo kuhusu "mfalme" fulani wa zamani, ukumbi unanyamaza kwanza, watu wanatazamana, mmoja nyuma anacheka, halafu paa linataka kung'oka. Huku sijawahi kukuta kicheko cha namna hiyo.

Lakini hapa ndipo ninapokasirika, na wanaonipinga wasikie vizuri. Kuna wasomi wetu na maafisa wetu wanaopenda kuusifu ufichaji huu kana kwamba ni hekima ya mababu: "Msanii wetu ana adabu, hataji mtu." Hapana! Msanii wetu hataji mtu kwa sababu anajua yaliyowapata waliothubutu. Mwaka huo huo wa 1977 wakulima na wafanyakazi wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu, wakapokonywa kibali, na mmoja wa watunzi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Mwaka 2020 huko Tanzania, polisi walimkamata mchekeshaji Idris Sultan baada ya kujirekodi akiitazama picha ya zamani ya Rais Magufuli na kucheka. Kucheka, basi.

Utaniambia hayo yamepita, siku hizi Kenya kuna uhuru. Ni kweli kiasi, na vijana wa Redykyulass, kundi la wachekeshaji wa televisheni, wanastahili heshima kubwa kwa kumwigiza Moi akiwa angali Ikulu. Lakini wasichana wa shule ya sekondari ya Butere je? Mwaka 2013 mchezo wao wa tamasha la shule, Shackles of Doom, ulipigwa marufuku mpaka Mahakama Kuu ikaingilia. Mwaka 2025 yakawa yale yale na Echoes of War: wakaondolewa mashindanoni, mahakama ikaamuru waigize, na walipofika Nakuru mtunzi wao Cleophas Malala alikuwa amekamatwa, na watu waliotaka kuwatazama wakarushiwa vitoa machozi. Watoto wa shule! Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka.

Na vichekesho vinavyoruhusiwa bila maswali ni vipi? Tulilelewa na Vioja Mahakamani, kipindi cha vichekesho cha televisheni, na nitaitetea mpaka kesho kwa ustadi wa waigizaji wake. Ila tazama nani anachekwa. Anachekwa mshtakiwa, mlevi, mtu wa kijijini asiyejua Kiswahili sanifu. Hakimu ameketi juu na heshima yake kamili. Serikali haijawahi kuona ubaya katika kicheko kinachoshuka chini.

Mkosoaji wangu bado hajatulia. "Na hao wanaochekwa huku London, wameacha nini? Kuna serikali iliyoanguka kwa mchezo?" Swali zuri, na jibu ni kwamba hakuna ninayoijua. Spitting Image, kipindi cha televisheni cha vikaragosi, ilianza mwaka 1984, ikamfanya waziri mkuu Margaret Thatcher sanamu ya mpira ya kutisha wiki baada ya wiki, naye akashinda uchaguzi wa 1987. Kabla yake, waziri mkuu Harold Macmillan alikwenda mwenyewe kutazama onyesho ambamo mchekeshaji Peter Cook alikuwa akimdhihaki, akaketi pale akadhihakiwa. Yawezekana kabisa kwamba kicheko cha bure kinawapumzisha watu wasidai zaidi. Nakubali. Lakini kama ni hivyo, wakubwa wetu wanaogopa nini? Kama mchezo hauangushi serikali, kwa nini utume lori la polisi kwa wasichana waliovaa maleba? Huwezi kuniambia kejeli ni upuuzi usiobadilisha kitu, kisha uilinde nchi dhidi yake kwa moshi.

Sitaki tuige mchezo wa London, na kusema kweli kama mchezo haukunivutia sana. Mulili ni kazi kubwa kuliko yote niliyoiona usiku ule. Ninachotaka ni mtunzi wetu aende Kafira kwa hiari yake, kwa sababu Kafira inamfaa kisanaa, na siku akitaka kusema Nairobi aseme Nairobi. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inautaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi, na mahakama zimekwisha wapa Butere haki mara mbili. Aliyebaki kushawishika ni mwalimu mkuu anayekata mistari kabla ya mazoezi, na afisa wa tamasha anayesoma mswada akiwa na kalamu nyekundu na simu ya mkubwa wake mkononi. Hao ndio ninaotaka wanijibu, si mzee wa London.