Volkano hulipuliwa na wingi wa gesi, au na gesi iliyokosa njia?

Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika Katesh, vijiwe vya kahawa hapa Dodoma vilikuwa na jibu tayari: volkano imelipuka. Haikuwa hivyo, ilikuwa mvua na mwamba laini uliolowa ukaporomoka. Uvumi ukaisha, swali likabaki: mlima ukilipuka kweli, unalipuliwa na nini?

Na gesi, hilo halina ubishi. Chini kabisa, mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi vimeyeyuka ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, kama gesi ya soda ambayo haijafunguliwa. Magma ikipanda, mgandamizo hupungua, viputo huzaliwa na kuvimba. Ubishi unaanzia hapo. Wapo wanaosema jambo kubwa ni wingi, na wana hesabu ya kutisha: mita 1 ya ujazo ya magma nzito yenye maji asilimia 5, ikifika juu na joto la nyuzi 900, yaweza kutanuka hadi mita za ujazo 670 hivi.

Wengine wanasema tazama uzito wa magma yenyewe, yaani inavyogoma kutiririka. Hawa wangekupeleka jikoni. Maji ya chai yakichemka, viputo hupanda na kupasuka bila kelele. Sasa geukia sufuria ya uji wa uwele ulioanza kushika: kiputo kinakwama chini, kinajikusanya, kinainua uso wa uji kama jipu, kisha pwaa! Tone limeshatua mkononi. Moto ni uleule, ila mvuke umecheleweshwa.

Nilikuwa upande wa uji mpaka nilipokutana na habari za Chile. Mwaka 2011 volkano ya Cordón Caulle ilirusha majivu na kumwaga lava nzito ya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, kwa wakati mmoja, kutoka tundu lilelile. Magma ni moja, sehemu imelipuka, sehemu imetoka taratibu. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba viputo vikiwa vingi hugusana na kutobokeana, vikafanya vijia. Gesi huvuja humo, na povu lililobaki tupu hubonyea likawa kioo cheusi. Pasipo vijia, povu hilohilo hupasuka vipandevipande.

Mlima wetu wenyewe unawachanganya wote. Lava ya Ol Doinyo Lengai ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu na hutiririka kama mafuta ya gari. Kwa kanuni ya uji, isingelipuka kamwe. Septemba 2007 ililipuka, ikarusha majivu kwa miezi. Wataalamu wengi wanadhani magma ya aina nyingine ilipanda kutoka chini, ikakutana na hii nyepesi iliyojaa kabonati, na kaboni dayoksaidi ikafumuka kwa kasi isiyoweza kusubiri foleni. Ndiyo maana mimi siulizi tena gesi ni kiasi gani wala magma ni nzito vipi peke yake. Nauliza nani anatangulia: gesi inayozaliwa au gesi inayotoroka?

Swali hilo linabadilisha hata usomaji wa vipimo. Pinatubo, Ufilipino, katikati ya Mei 1991 ilikuwa ikitoa tani 500 hivi za gesi ya dayoksaidi ya salfa kwa siku. Kufikia tarehe 28 zikapita 5,000. Mwanzoni mwa Juni zikashuka hadi chini ya 300. Mtu wa wingi angepumua: gesi imekwisha. Anayefuata njia angeuliza nani kaziba tundu. Tarehe 15 Juni mlima ukalipuka, moja ya milipuko mikubwa kabisa ya karne ya 20.