Mil 7 za Bafuni Kwangu

Jamani, niulizeni mimi bei ya mil 7, yaani milimita saba. Si za kitambaa, si za mvua. Mil 7 za shimo ukutani, bafuni kwangu, huku Bwiru, Mwanza.

Zamani kioo kilikuwa kitu chenye adabu. Unakwenda sokoni Mlango Mmoja, unachagua, unarudi nacho kwenye daladala umekikumbatia huku gari zima linajitengeneza nywele humo bure, unagonga msumari, kwisha. Sasa mama watoto kaona picha kwenye simu: kioo kimelala katikati ya vigae, hakijatokeza hata unywele, ukipitisha kidole hujui kigae kimeishia wapi. "Baba watoto, nataka hivi." Nilikuwa na tonge la ugali mkononi na sato mbele yangu. Ungebisha wewe?

Fundi wa vigae akaja, nikamweleza. "Hamna shida, mzee." Hilo neno serikali ilipige marufuku. Fundi akisema hamna shida, ujue shida imeshapanda boda inakuja.

Maana hesabu yenyewe haitaki digrii. Kigae cha ukutani mil 8, gundi nyuma yake mil 4, jumla 12. Kioo mil 5. Ukikibandika kwenye lipu tupu kinadidimia mil 7, unapata kijidirisha cha kutunzia vumbi. Ukikibandika juu ya vigae kinatokeza, bora ungebaki na msumari wako. Kwa hiyo pale nyuma pajazwe saruji mil 5, pakauke, mil 2 zibaki za silikoni, ile gundi ya kushikia kioo. Tena pawe pamenyooka, timazi na pima maji vikubaliane, kwa sababu kioo hakipindiki. Ukuta wenye kitambi utakipasua siku fundi anapokikandamiza.

Nani ajaze? Fundi wa vigae anasema ni kazi ya fundi wa vioo. Fundi wa vioo anasema saruji hashiki, ana kifua. Mimi niko katikati, nawalipa wote hela ya kula.

Na huyu wa vioo alitaka akate kioo hata vigae havijabandikwa! "Vipimo si vipo kwenye ramani, mzee?" Ramani! Nyumba zetu hizi za kukwepana na majabali, hakuna kona iliyowahi kuonana na ramani. Kioo hupimwa vigae vikishakauka, juu, kati na chini, kisha unapunguza mil 2 kila upande, pa kupitishia silikoni. Kikibanwa na kigae kinapata ufa, na ufa wa kioo hauna fundi.

Halafu silikoni yenyewe. Kaja na ile inayonuka siki. Nikamwambia hiyo asidi inakula fedha iliyopakwa mgongoni mwa kioo, baada ya muda pembeni panaota weusi. Nunua ile isiyo na asidi, ya vioo.

"Mzee, harufu ndiyo nguvu yake."

Nikamuuliza, Bismarck Rock si unaipita kila ukienda mjini? Lile jiwe limekaa juu ya wenzake pale ziwani tangu Bismarck mwenyewe hajazaliwa, halijaanguka. Umewahi kusikia linanuka siki? Akaenda kubadilisha. Nauli juu yangu, bila shaka.

Haya, kimekaa. Kidole kinapita. Sasa ubaya wa kitu kisichotokeza ni kwamba hakuna anayekiona! Wageni wanaingia, wanatoka, wanasifia mchuzi wa sangara. Ningetundika kalenda ya mwaka juzi wangeisemea. Juzi jirani katoka bafuni, uvumilivu ukanishinda.

"Hujaona kitu humo?"

Akashtuka. "Kuna nyoka?"

"Kioo, bwana! Rudi upitishe kidole pale pembeni."

Mtu wa watu akarudi. Nikamsikia anahangaika humo, kisha bomba likapiga mluzi. Nikatazama dirishani: Ziwa Victoria hilo hapo, kilomita za mraba 68,800, limetulia zake. Nikatafuta ndoo ilipo.

"Baba, kweli laini!" akapaza sauti. "Ila nimekipaka povu chote, na bomba linatoa upepo. Leteni maji, hata ya kisado!"