Kusomea nyumbani: uhuru mkubwa ni wa muda

Watu wakisikia mtoto anasomea nyumbani, yaani haendi shule na wazazi ndo wanamfundisha, akili inakimbilia dini, au wazazi wenye hela za kuchezea, au mtoto aliyefukuzwa shule. Wachache sana wanafikiria muda. Na mi naona muda ndo kila kitu kwenye hii ishu, yaani mtoto kuwa na ruhusa ya kukaa na somo mpaka alielewe, na familia kuwa na ruhusa ya kupanga siku yake bila kukimbizana na kengele.

Nitoe mfano mmoja mdogo wa hesabu. Binti yangu alikuwa anatoa vizuri tu, 42 toa 17 anafanya bila shida, anakopa kumi anaendelea. Siku tuliyofika 402 toa 157 akakwama kabisa, kwa sababu ile sifuri ya katikati haina cha kukopwa. Ningeweza kumkaririsha kanuni, "vuka sifuri, kopa mbele, andika tisa", akapata jibu na tukafunga daftari. Badala yake tukaacha vitabu, tukachukua njiti, tukafunga mafungu ya kumi kumi, halafu mafungu kumi tukayafunga kuwa mia. Akashika mia moja mkononi, akaifungua ikawa mafungu kumi, fungu moja akalivunja likawa njiti kumi, akabaki na mafungu tisa, akayaangalia weeee, akasema "kumbe ile tisa inatoka hapa!" Jibu ni 245, ila jibu halikuwa na maana tena. Asubuhi yote iliishia kwenye hesabu moja na hakuna aliyetuambia tumechelewa.

Sasa mwambie mwalimu mwenye watoto arobaini afanye hivyo. Hawezi, na simlaumu hata kidogo, walimu wengi wanajua kabisa nani hajaelewa ila silabasi inawasukuma, wiki ijayo ni sehemu na wiki inayofuata ni desimali, na yule aliyeachwa kwenye sifuri anabeba lile pengo mpaka madarasa ya juu huko anaanza kuambiwa hesabu haziwezi. Mwaka 1984 mtafiti wa elimu Mmarekani, Benjamin Bloom, alitoa matokeo ambayo yanatajwa mpaka leo: wanafunzi waliofundishwa na mwalimu wa peke yao, na kutoruhusiwa kusonga mbele kabla hawajaelewa, yule wa wastani kati yao aliwapita asilimia 98 ya wanafunzi wa darasa la kawaida. Tafiti zilizokuja baadaye zilipata tofauti ndogo zaidi ya hiyo, lakini kwamba kumfundisha mtoto mmoja mmoja kunasaidia hilo halina ubishi sana. Mzazi nyumbani si lazima awe profesa kulitumia hilo. Anahitaji kumjua mwanae na kuwa na subira, na akikwama kwenye somo atafute mtu.

Kuna kitu kingine kinachonishangaza, watu wanaongea kana kwamba shule ya lazima imekuwepo tangu dunia iumbwe. Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani, iliweka sheria ya kulazimisha watoto kusoma mwaka 1763, jimbo la Massachusetts likawa la kwanza kule Marekani mwaka 1852, na sehemu nyingi za dunia mambo haya yamekuja juzi tu. Kabla ya hapo watoto wengi walijifunzia kwa wazazi, kwa fundi, kwa wazee, na wengi pia hawakujifunza kusoma kabisa, hilo lazima lisemwe. Shule zimewafikia mamilioni ambao nyumbani kwao hakuna mtu angewafundisha herufi. Kwa hiyo sitaki shule zifungwe hata siku moja, ninachokataa ni ile fikra kwamba mlango ni mmoja.

Na sheria zenyewe hazikubaliani. Ujerumani mtoto lazima aende shule, mzazi akimsomesha nyumbani anaweza kupigwa faini na hata kunyang'anywa baadhi ya haki za ulezi, na familia zilizopeleka kesi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu zilishindwa mwaka 2006 na tena 2019. Ufaransa zamani ilitosha kutoa taarifa tu, sheria ya 2021 ikabadilisha ikawa lazima uombe kibali. England sheria inasema mtoto apate elimu inayomfaa akiwa shuleni "au kwa njia nyingine", na hayo maneno machache ndo yanayobeba familia zote zinazosomesha nyumbani kule. Marekani inaruhusiwa majimbo yote 50, na kuna majimbo kama Texas ambako mzazi hatakiwi kujisajili popote.

Mi nasimama wapi? Azimio la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 26, kinasema elimu ni haki ya kila mtu, halafu hapo hapo kinasema wazazi ndo wenye haki ya kwanza kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Vyote viwili viko kwenye kifungu kimoja na mi navishika vyote viwili. Ujerumani wamekaza mno. Ila kutomuuliza mzazi chochote kabisa nako sikubaliani nako, kwa sababu kuna watoto wanafichwa ndani kwa jina la kusomeshwa nyumbani, wengine wanafanyishwa kazi, wengine wanapigwa na hamna mwalimu wa kuona alama. Mtu aje mara moja kwa mwaka, aongee na mtoto, aangalie madaftari. Mzazi anayefundisha kweli hilo halimpunguzii kitu.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, walihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 walioathirika, na watu wengi bado wanahukumu elimu ya nyumbani kwa kile walichokiona kipindi kile: mtoto mbele ya skrini, mama anapiga kelele, intaneti inakata, homuweki zimejaa. Ile ilikuwa shule iliyohamishiwa sebuleni na ratiba yake yote, stresi tupu. Lakini hata hivyo baadhi ya wazazi waliona kitu. Takwimu za ofisi ya sensa ya Marekani zilionyesha kaya zinazosomesha nyumbani zikipanda kutoka asilimia 5.4 hadi 11.1 ndani ya miezi michache ya mwaka ule, na hapo waliondoa wale wa masomo ya mtandaoni ya shule.

Kuhusu kucheza na wenzao, swali ninaloulizwa kila siku: mtoto anahitaji marafiki na mzazi lazima awatafute kwa makusudi, hawaji wenyewe. Michezo, kwaya, majirani, familia nyingine zinazosomesha nyumbani, binamu. Ni kazi. Ila mtoto anayekaa na wadogo na wakubwa na wazee anajifunza kuongea na watu wa rika zote, na huko nako ni kuchangamana na watu.

Kinachoniuma kwenye mijadala hii ni kwamba gharama halisi haitajwi. Uhuru huu unalipiwa na mtu, na mara nyingi huyo mtu ni mama. Anaacha kazi au anapunguza kazi, kipato kinashuka, anapika anafundisha anasahihisha, jioni anaulizwa "kwani umeshinda ukifanya nini". Baba kama hagusi daftari hata wikendi basi hapo familia haijapata uhuru, mtu mmoja ameongezewa ajira isiyo na mshahara. Mnaofikiria kuanza, lizungumzeni hili mapema, nani anafundisha nini, na nani anapumzika lini.

Halafu angalieni mitihani kabla mtoto hajakua. Mtahiniwa wa kujitegemea anahitaji kituo cha kumpokea, na masomo yenye mitihani ya vitendo kama kemia yanasumbua zaidi kwa sababu kituo kinataka kujua mtoto amefanyia wapi maabara. Ulizeni wakati bado kuna miaka mkononi, na muulizeni mtoto mwenyewe pia, maana akifika umri fulani anaweza kusema anataka kwenda shule. Akisema hivyo mi nampeleka, huo uhuru tunaoupigia kelele wazazi ni wake pia.