Nimelipa Elfu Arobaini Nitembee kwa Miguu

Leo asubuhi konda kaniita babu. Mimi! Mtu wa mwaka 1982 tu, katibu wa kamati ya misiba ya mtaa mzima, ninayesoma rambirambi mpaka wafiwa wanaulizana huyu kasomea wapi. "Babu, inua guu, tunaondoka!" Guu lenyewe ndilo lililogoma. Nikalitazama kama unavyomtazama mdeni wako mliyekutana harusini, nikalibembeleza, mwisho nikalishika kwa mikono miwili na kulipandisha garini kama kiroba cha mkaa. Mama mmoja wa siti ya mbele akanionea huruma: "Pole baba, ulianguka?"

Sikuanguka, mama. Nililipa.

Chanzo ni daktari. Alinifunga ule mpira wa presha, akasoma, akanitazama, akasoma tena. "Mzee wangu, unahitaji mazoezi. Dakika 150 kwa wiki, hata kutembea tu kunatosha." Nikamwuliza, je, zile za kutoka Ukonga mpaka kwangu daladala ikikatisha ruti, hazihesabiki? Akasema zile zina hasira ndani yake, zinapandisha. Kinachotakiwa ni kutembea kwa furaha. Nikaja kugundua kwamba kutembea kwa furaha kuna bei yake, na bei ni elfu arobaini, tuma na ya kutolea.

Kijana mmoja wa ofisini ndiye aliyeniunga kwenye kikundi chao cha haikingi, yaani kutembea maporini kwa starehe. Kiongozi wao wanamwita Kamanda. Jeshi hajapita, mgambo hajapita, ana filimbi tu. Kwa elfu arobaini unapata tisheti ya saizi moja kwa binadamu wote, maji chupa mbili, yai la kuchemsha na kupigwa picha na droni. Chumvi ya yai ujitegemee.

Sasa kuna mama mkwe. Alikuja kutoka Ukerewe kwa wiki mbili kuangalia macho. Huu ni mwezi wa tatu, na macho yamepona kiasi cha kuona kila nyama ninayoichota kwenye bakuli. Mke wangu akasema, "Nenda na mama naye akapunge upepo." Nikasema mama watu, ni elfu arobaini nyingine. Akaacha kukatakata kitunguu. "Kwa hiyo mama yangu hana thamani ya elfu arobaini?" Wenzangu mliooa, kama mna jibu la swali hilo niandikieni. Mimi nilituma elfu themanini, na ya kutolea mara mbili.

Kukutana Mwenge, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Msitu wenyewe ni wa Pugu Kazimzumbwi, njia ya Kisarawe. Mimi nakaa Gongo la Mboto! Nikaandika kundini kwa heshima zote: naomba niwasubiri njiani, basi litanikuta. Kamanda akajibu, "Timu moja, basi moja," akaweka na misuli. Basi nikaamka saa tisa usiku, nikakodi bodaboda mbili kwa sababu mshikaki na mkwe haupigwi, nikavuka jiji zima kwenda Mwenge. Kamanda akatokea saa moja na robo, ananukia marashi. Tukapanda basi, tukarudi njia ile ile niliyotoka nayo, na saa mbili na nusu tukapita mbele ya nyumba yangu. Mke wangu alikuwa anafagia uwanja. Akanipungia ufagio.

Pale Pugu Kamanda akatusimamisha kwa filimbi, akatukumbusha kuwa hapa ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili ashughulike na TANU, na wazee wanasimulia kwamba alikuwa akiteremka mjini kwa miguu kwenye mambo ya siasa. Tufuate nyayo. Nikawaza: Mwalimu alitembea akarudi na nchi. Mimi nitarudi na tisheti.

Mapangoni, kwenye machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe, tuliwakuta popo wamelala vichwa chini kama viumbe wanaojua maana ya Jumamosi. Tulipita.

Kwenye mwinuko wa tatu, ulimi uko nje na yai linapanda kooni, akatupita bibi mmoja ana mzigo wa mihogo kichwani na kandambili za rangi mbili tofauti. Alipotuona tumekaa chini watu arobaini tumevaa sare, akashusha uso. "Poleni jamani. Marehemu ni nani?" Nikamwambia bibi, hatujafiwa, tunatembea tu. "Mnakwenda wapi?" Hatuendi popote, tukifika tunarudi. "Mnalipwa?" Tumelipa sisi, elfu arobaini. Hapo bibi akatua mzigo. Akanitazama kuanzia raba mpaka kofia. "Elfu arobaini? Basi mjukuu wangu, mimi nakufanyia elfu tano, unanibebea hii mpaka barabarani." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana kwa hesabu yangu bibi ndiye aliyekuwa na bei nzuri.

Lakini hayo yote ni utangulizi. Yaliyonikuta yako kwenye Bwawa la Minaki.

Kayaki zililetwa juu ya kirikuu, zimefungwa kamba kama vitanda vya watu wanaohama usiku. Na mimi, kwa ujinga wangu, njia nzima ndani ya basi nilikuwa nimewatangazia kwamba mimi ni Mrufiji, mtoto wa Utete, maji ni nyumbani. Kocha, kijana mwenye ndevu sita, akaanza kutufundisha, kila kitu anakiita pedo. Nikamsahihisha mbele za watu. Nikamwambia mwanangu, kafi ni la kushika mkononi, kasia hufungwa chomboni, na pondo ni ule mti mrefu wa kusukumia penye maji mafupi. Hiki ulichoshika ni kafi lenye viganja viwili. Watu wakapiga makofi. Kocha akafurahi sana. "Safi mzee! Basi wewe huhitaji mwalimu. Chukua ya watu wawili, upande na mama yako hapo."

Siyo mama yangu, nikataka kusema. Ni mkwe. Neno likakwama, maana alikuwa pembeni yangu tayari kavaa boya la rangi ya chungwa, khanga kaikaza kiunoni, anatabasamu.

"Haya," anasema kocha kwa sauti ya kuuza mitumba, "mzito anakaa nyuma! Kati yenu nani mzito?"

Jamani. Mkwe wangu ni mtu mwenye mwili wake, Mungu ambariki. Mimi nina kilo 61 nikiwa nimelowa. Jibu linaonekana kutoka Kisarawe. Lakini nani atalitamka? Kwetu sisi mkwe hata kumwangalia anavyokula ni dhambi, sembuse kumpima hadharani. Kocha akauliza tena. Watu wakanyamaza. Mkwe akawa anaangalia mawinguni, ananisubiri nijiharibie. Nikavuta pumzi nikasema, "Mimi. Mimi ndiye mzito."

Kocha akanitazama. "Mzee, una uhakika?"

"Mifupa yangu mizito," nikasema.

Mkwe akakaa mbele. Nikakaa nyuma. Kayaki ikainamisha pua majini kama ng'ombe anayekunywa, na upande wangu ukapanda juu, nikawa nimekaa kama dereva wa lori. Nikapeleka kafi upande wa kushoto, likachota hewa. Nikapeleka kulia, hewa. Hilo la kwanza. La pili ni miguu. Kitu kile kimetengenezwa hivi: wa nyuma ananyoosha miguu, nayo inakwenda kuishia ubavuni mwa wa mbele. Ubavuni mwa mkwe! Mkeka mmoja tu sijawahi kukaa naye, leo nimweke miguu huku na huku? Nikaikunja. Magoti yakanifika masikioni. Sasa jaribuni ninyi kupiga kafi magoti yakiwa masikioni. Kila nikizungusha, najipiga goti, kayaki inageuka. Tukaenda mzunguko mmoja. Tukaenda wa pili. Kwenye wa tatu tukapishana na kijana wa ofisini, akasema, "Mzee unawaonyesha mitindo ya Rufiji!"

Na mimi nataka kusema neno hapa kuhusu mitindo ya Rufiji. Mtumbwi wa babu yangu ulichongwa kwa tezo kutoka mti mmoja. Ulibeba mpunga, ulibeba maharusi, ulibeba wagonjwa, wengine wakarudi nao wamefunikwa. Sikumbuki mtu aliyewahi kuupanda ili afurahi. Mwaka 2024 mto ulipofurika, ndugu zangu walikuwa wanapita na mitumbwi juu ya mashamba yao wenyewe, chini yake mahindi, na hakuna aliyewavalisha boya wala kuwaambia watabasamu. Halafu mimi nakatwa elfu arobaini ya mshahara ambao umeshakopwa, nizungushwe bwawani na kitu cha plastiki, na droni inanililia juu ya kichwa kama mbu wa masika! Nilikasirika. Nilikasirika kweli, nikalinyanyua kafi kulitishia lile lidubwana, na hiyo ndiyo picha waliyoipata.

"Baba Zuhura," mkwe akasema bila kugeuka, sauti ya upole kabisa. "Kwani kwenu Rufiji huwa mnapigia makasia magoti?"

"Hapana mama."

"Basi tulia hivyo hivyo. Usifanye kitu."

Akatema mate mkononi. Akashika lile kafi lake. Mwanamke yule alikuwa anavuka kwenda sokoni kwa mtumbwi huko Ukerewe kabla sijazaliwa, na mwenye kuniambia mimi hilo hakuwepo. Kayaki ilikata maji kama kisu kwenye sabuni. Tuliwapita wote. Tulimpita Kamanda, filimbi ikamdondoka. Mimi huko nyuma nimekumbatia magoti yangu, nimekaa kimya kama mwali anayepelekwa kwa mumewe, watu ufukweni wanashangilia, wanamwita bibi, bibi, bibi.

Tulipofika karibu na majani akasema, "Shuka uvute, baba, nisilowe." Nikashuka. Maji yalikuwa ya ugoko, lakini chini yake kuna tope ambalo nadhani limekuwa likinisubiri mimi tangu bwawa lichimbwe. Nikazama mpaka mapajani. Nikavuta mguu wa kushoto, ukatoka na raba. Nikavuta wa kulia, ukatoka wenyewe.

Raba ile si yangu. Ni ya jirani, baba Kelvini. Alinikopesha Ijumaa usiku, bado ina karatasi ya dukani ndani, akaniambia, "Jirani, usiilaze kwenye umande." Nimepapasa tope kwa mkono mpaka begani, kocha kapapasa, wamechovya na kafi. Tope limekataa. Nikarudi Gongo la Mboto na raba moja na tisheti.

Hapana, sikushuka Gongo la Mboto. Timu moja, basi moja. Basi lilipita mbele ya nyumba yangu saa kumi na mbili jioni, mke wangu yuko barazani anachambua mchele, likatupeleka Mwenge.

Sasa hivi nimejilaza, miguu nimeiegemeza ukutani. Simu inalia toka asubuhi. Kamanda katuma picha: mkwe mbele amenyooka kama nahodha, mimi nyuma magoti masikioni, nimeinua kafi, mdomo wazi. Chini kaandika "Jembe letu na Babu Mrufiji". Hapo ndipo konda alipolipata hilo jina, nina hakika, labda naye yumo kundini. Safari ijayo ni Uluguru, kilele cha Bondwa, wanapanda treni ya SGR mpaka Morogoro, elfu tisini. Kuna orodha ya walioshalipa. Wa kwanza ni mkwe. Nimejiuliza pesa kapata wapi, mpaka nilipokumbuka kuwa Jumatano nilimkabidhi nauli ya kurudi Ukerewe.

Mke wangu anasema wanataka kumfanya mlezi wa kikundi.

Na huyo anayebisha hodi ni baba Kelvini, namjua kwa kikohozi. Hii ni mara ya tatu leo. Zuhura! Mwambie baba katoka. Mwambie kaenda kutembea. Anasema ananiona miguu kwa chini ya pazia? Haya, mpelekee hiyo ya kushoto, aanze nayo.