Vecna karudi, flashi yangu ina virusi

Mtu mzima kama mimi, baba wa watoto, mjumbe wa kamati ya maji hapa mtaani, eti leo nimesimama juani Busia, upande wa Uganda, kumbembeleza kijana aliyevaa ndala za rangi mbili. Lakini nifanyeje jamani, Stranger Things imerudi, ile tamthilia ya Kimarekani ya madude, na Vecna, dude kubwa lao, karudi nayo! Sizoni ya nne ilitoka 2022, wakaupasua mji wa Hawkins vipande vinne halafu wakanyamaza mpaka Novemba 2025. Yule dada anayeigiza Eleven tulimjua 2016 akiwa na kipara, sasa kashaolewa, na huko kwenye stori bado tunaambiwa ni katoto.

Bando ya kuangalia mtandaoni msiniambie, na ile kodi ya asilimia 12 kwenye data mnaijua. Kwa hiyo nikachukua flashi nikaenda kwa hawa wa filamu.

"Kijana wangu, niwekee Stranger Things mpya."

"Mzee, ya Kizungu au ya VJ?"

"Kizungu."

Akaniangalia kwa huruma. "Mi nakushauri usubiri ya VJ."

Sasa, mimi sina ugomvi na maVJ, hawa wanaotafsiri sinema kwa kusimulia juu yake, Waganda wangapi wamependa sinema kwa sababu yao? Lakini ile sizoni iliyopita niliiona kwenye kibanda cha video, yule binti Max ananing'inia hewani pale makaburini, macho meupe, mimi koo limeshakaba, VJ anasema huyu kalishwa dawa na mama wa kambo, halafu akasalimia mashabiki wake wa Nateete mmoja mmoja. Kwa majina! Max bado yuko juu anasubiri salamu ziishe.

"Kizungu," nikarudia kwa heshima zangu zote.

Kachomeka flashi, kompyuta ikalia. "Mzee, hii ina virusi." Kasema kwa sauti, foleni nzima ikageuka kunitazama, mama mmoja anayetaka tamthilia ya Kifilipino akasogea pembeni kabisa utadhani vitamrukia. Nyuma yake kuna jamaa wa boda anataka "yoyote ya kupigana, isiwe na maneno mengi", huyo alihudumiwa kwanza sijui kwa nini. Flashi ikasafishwa, picha za harusi ya shemeji zikaenda na maji, sawa, episodi zikaanza kuingia, zile nne za kwanza. Imefika asilimia 80 kijana kaniinamia.

"Mzee, ukifika mwisho wa ya nne, yule Will..."

"Nyamaza."

"Si nakuandaa tu."

"Usiniandae!"

"...kumbe naye ana nguvu, anayavunja yale madude kwa mbali, we!"

Banange. Tangu itoke sijawasha VPN, ile programu ya kupenyea mtandao uliofungwa, hata ya kuchungulia Facebook, kanisani nimewakimbia vijana wa kwaya, kumbe msiri wa Vecna anauza filamu stendi! Nikamwambia basi nirudishie pesa, akasema zimeshaingia zote, na chenji akanipa peremende. Mimi. Peremende.

Nimefika nyumbani, umeme ukacheza mara mbili ukaondoka. Wale wa Hawkins taa ikicheza wanajua dude limefika, wanakimbilia bunduki. Sisi hapa taa ikicheza tunajua kuna wingu huko Tororo, kwa hiyo dude likija kweli litatukuta tumekaa tunalaumu mvua. Na yule Joyce, mama yake Will, kwenye sizoni ya kwanza alitundika taa za Krismasi ukuta mzima ili aongee na mwanawe, mimi najiuliza tu yuniti alikuwa ananunuliwa na nani. Mke wangu kasikia neno pepo, keshaiombea TV na rimoti yake.

Nikatoka nitafute cha kula. Huyu wa rolex naye, ile chapati ya kukunjiwa mayai, nimesema mayai mawili, kakoroga na nyanya na kabichi mpaka huoni yai, nikamuuliza yako wapi akasema yapo ndani. Ndani wapi? Nikaikunjua mbele yake, ikadondoka chini, sasa anataka nilipe ya pili.